Vijana wetu, ligi za nje na Taifa Stars: majiundo hayanunuliwi

Dominika moja baada ya Misa ya pili, mzazi mmoja wa hapa Kihesa aliniomba dakika chache. Mwanawe ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na mtaa mzima unamsifu kwa kasi yake pembeni mwa uwanja. Mtu aliyejitambulisha kuwa wakala alikuwa ameahidi kumpeleka Ulaya kwa majaribio, mradi familia itangulize fedha za maandalizi. Mzazi alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa kiwanja chake. Akaniuliza: "Padre, si ndivyo alivyofika Samatta?"

Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu lenye ushahidi. Wapo wanaosema kwamba Taifa Stars itapanda tu pale wachezaji wetu watakapojaa katika ligi za nje zenye nguvu. Kauli hiyo ina ukweli mkubwa. Hata hivyo, ikipokelewa nusunusu, inaweza kuigharimu familia kiwanja na kumgharimu mtoto shule.

Tuanze na ukweli wenyewe. Tanzania ilishiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980 nchini Nigeria, kisha ikasubiri miaka 39 hadi Misri 2019. Huko ilifungwa mechi zote 3. Katika fainali zilizofanyika Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024 ilipata sare 2, dhidi ya Zambia na Kongo. Katika fainali za Morocco, zilizoanza Desemba 2025, ilitoka sare na Uganda na Tunisia, ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, kisha ikafungwa bao 1-0 na wenyeji. Hatua ni ndogo, lakini mwelekeo unaonekana.

Kwa nini mchezaji huimarika anapoingia katika ligi yenye nguvu kuliko aliyotoka? Timu ya taifa hukutana kwa siku chache tu kabla ya mechi. Kocha wa taifa hupanga, husahihisha na hutia moyo, lakini hawezi kumjenga mchezaji kwa juma moja, kama vile mafungo ya siku tatu yasivyoweza kuchukua nafasi ya miaka ya seminari. Majiundo halisi hufanyika klabuni kila siku. Katika ligi ngumu mpira hupita haraka zaidi, mchezaji hulazimika kuamua kabla hajabanwa, na kosa dogo huadhibiwa papo hapo. Nafasi yake huwaniwa na wenzake wenye uwezo kama wake, hivyo hathubutu kulegea mazoezini. Chakula, usingizi na tiba ya majeraha husimamiwa. Kitabu cha Mithali, sura ya 27, aya ya 17, kinatoa mfano wa chuma na chuma. Wanamichezo huuishi mfano huo kila asubuhi.

Sasa tumtazame Mbwana Samatta, aliyetajwa na mzazi yule. Alizaliwa Dar es Salaam Desemba 1992. Alicheza African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011, akiwa na miaka 18, alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, na huko alikaa takriban miaka mitano. Mwaka 2015 alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na klabu hiyo, na Januari 2016 alitangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani humu. Ndipo Genk ya Ubelgiji ilipomchukua, akiwa na miaka 23. Alikuwa bingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, akafunga bao Anfield dhidi ya Liverpool katika Ligi ya Mabingwa Ulaya Novemba 2019, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Mkristo Mkatoliki afahamu pia kwamba TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini kwa ajili ya vijana wa shule yao. Samatta alifika Ulaya kwa kupitia klabu iliyozaliwa katika uwanja wa wamisionari, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika na mipaka ya Zambia. Kila kipandio alikifikia kwa sababu alikuwa amefanya vizuri katika kile kilichotangulia.

Hapa kuna jambo la pili. Samatta alikwenda Misri 2019 akiwa ametoka kutwaa ubingwa wa Ubelgiji, na bado Stars ilipoteza mechi zote. Jirani zetu Kenya walikuwa na Victor Wanyama, aliyekuwa Tottenham wakati huo. Walitufunga 3-2, lakini nao hawakuvuka kundi. Nyota mmoja hawezi kuinua wenzake kumi. Timu hupanda pale wanapokuwapo wengi waliozoea kasi ileile.

Zambia, jirani zetu wa Tunduma, ni ushahidi mzuri. Februari 2012 walitwaa Kombe la Afrika kwa kuishinda Côte d'Ivoire kwa penalti 8-7, ingawa wapinzani hao walikuwa na Didier Drogba na Yaya Touré. Penalti ya ushindi ilipigwa na Stoppila Sunzu, ambaye, kama Rainford Kalaba, alikuwa akiichezea Mazembe ileile. Wazambia wale hawakuwa wamejaa Ulaya. Wengi walikuwa wamevuka mpaka mmoja au miwili tu, kwenda kwenye ligi zilizowadai zaidi, na walikuwa wamecheza pamoja kwa muda mrefu.

Misri inatufundisha zaidi. Ilitwaa kombe hilo mara tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010, kikosi chake kikitegemea sana wachezaji wa ligi ya nyumbani, hasa wa Al Ahly na Zamalek. Ligi yao ilikuwa na nguvu ya kutosha kuwanoa bila kuwasafirisha. Kwa hiyo kinachomjenga mchezaji ni kiwango anachodaiwa kila siku, awe Cairo, Lubumbashi au Genk.

Nasi tumeanza kuyaona hayo. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba mwaka 2025. Wazambia, Wakongo na vijana wa Afrika Magharibi sasa huja kutafuta riziki katika ligi yetu. Katika michuano ya CHAN ya Agosti 2025, ambayo ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao, Tanzania ilifika robo fainali. Hata yale mabao 3 tuliyofunga katika makundi kule Morocco yanaeleza habari hii: Charles M'Mombwa na Simon Msuva wanacheza nje, lakini bao la kusawazisha dhidi ya Tunisia, lililotuvusha, lilifungwa na Feisal Salum wa Azam. Wa nje na wa ndani walihitajiana.

Tukirudi kwa mzazi wetu, nilimweleza mambo matatu mintarafu sheria na usalama wa mtoto. Kwanza, kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa, kwa mfano wazazi wenyewe kuhamia nchi nyingine kwa shughuli zisizohusu soka. Pili, wakala halali ana leseni ya FIFA, na malipo yake hutokana na mkataba uliokwisha kusainiwa. Anayedai fedha kabla ya klabu kujulikana anauza matumaini ya watu. Tatu, mtoto asajiliwe rasmi katika klabu inayotambuliwa. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. FIFA huuita mchango wa mshikamano, neno tulilolizoea katika mafundisho jamii ya Kanisa. Timu ya mtaa isiyo na usajili wala kumbukumbu haina namna ya kuudai.

Hapo Kanisa mahalia lina wajibu wake. Juni 2018 Dikasteri ya Walei, Familia na Maisha ilitoa hati kuhusu michezo, ikimweka binadamu mzima, mwili, roho na akili, katikati ya mchezo. Parokia zetu zina viwanja, zina shule, zina vijana. Tunaandaa mabonanza ya vigango na kugawa jezi, kisha tunawasahau vijana hadi mwaka ujao. Iringa iliwahi kuwa na Lipuli katika Ligi Kuu, ikafika hadi fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019. Vijana wa sasa wa Kihesa hawana timu ya Ligi Kuu ya kuitazama pale Samora. Kipandio cha kwanza cha ngazi kimelegea, nasi tunabishana kuhusu cha mwisho.

Wazazi wapendwa, talanta ni amana, kama Bwana anavyotufundisha katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Yule mtumishi wa tatu alikosea kwa kuifukia. Kumkabidhi mgeni asiyejulikana amana hiyo nako si kuizalisha. Kabla hamjauza chochote, ulizeni jina la klabu, namba ya leseni na mkataba ulioandikwa, na mwleteni mtu huyo mbele ya mwalimu wa shule, kiongozi wa jumuiya au paroko.

Mzazi yule alimwomba wakala namba ya leseni. Hadi ninapoandika haya hajaipata. Kiwanja bado ni chake, na kijana anaendelea na shule, na jioni yuko uwanjani.