"Sori" si Pole, Wala si Radhi

Kijana wa mkokoteni akikugonga kisigino pale Marikiti hukwambia "sori", na huku ameshapita. Mwenzako akijikwaa, wamwambia "sori". Ukifiwa, huja mtu na mkono wake akakwambia hilo hilo. Neno moja limefanywa litoshe kila balaa, na mimi nasema halitoshi.

Kiswahili kimeyatenga mambo haya tangu zamani. Aliyejikwaa, aliyechoka, aliyeugua, huyo huambiwa pole. Mfiwa huambiwa makiwa. Lakini uliyemkosea humpi pole, wamwomba: nisamehe, niwie radhi. Pole hutolewa, radhi huombwa. Mwenye kutoa pole hadaiwi kitu. Mwenye kuomba radhi amejiweka chini ya mwenzake, angoja jawabu, na mwenzake ana hiari ya kumsamehe au kumnyima.

Neno la Waingereza halikuanzia kwenye kuomba. "Sorry" shina lake ni moja na neno lao la kidonda na maumivu, na hapo kale lilikuwa sifa ya mtu mwenye kuumwa moyoni. Asemaye hivyo, basi, atoa habari ya moyo wake yeye. Wewe mwenye kisigino hukutajwa. (Watu hudhani limezaliwa tumbo moja na "sorrow", yaani huzuni. Sivyo. Yameishi nyumba moja tu hata yakafanana sura.)

Wanayo na mengine, nisije nikawadhulumu. "Pardon" walilipata kwa Wafaransa, na ndani yake mna kutoa na kusamehe, hilo ndilo lililo karibu na letu. Ila wengi sasa hulitumia wasiposikia vizuri. "Apologise" ndilo zito, nalo lina kichekesho chake: kwa Kiyunani asili yake ni hotuba ya mshitakiwa ya kujitetea. Kitabu cha Plato chenye jina hilo ni utetezi wa Socrates, aliyehukumiwa Athens mwaka 399 kabla ya Nabii Isa, na mzee yule hakumtaka mtu radhi hata kidogo. Baadaye ndipo neno likageuka. Na "regret" ni majuto, neno la barua za ofisi: twasikitika kukuarifu kuwa kazi hukupata.

Hapo kwenye majuto ndipo ninapotaka tusimame. Mwezi wa Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisema bungeni kwao kuwa serikali yake yajutia mateso waliyofanyiwa Wakenya wakati wa hali ya hatari, 1952 hadi 1960. Wadai 5,228 wakakubaliwa pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Papo hapo serikali ikaendelea kukana kuwa ina dhima. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles, karamuni Nairobi, alitaja huzuni na majuto makubwa, akasema mambo yale hayana udhuru. Neno la kuomba radhi hakulitamka. Mwenye kukwambia kuwa Mfalme aliomba msamaha amesikia kwa sikio la "sori".

Sisi tuliokaa chuoni jambo hili tulisomeshwa. Imam Nawawi ameyaeleza masharti ya toba: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia, na ikiwa ni haki ya mja, lipo la nne, kumrudishia mwenyewe haki yake au kumtaka akusamehe. Majuto ni sharti moja tu katika hayo. Ndiyo maana mwenye kwenda Haji huzunguka mtaa mzima akitaka radhi, na maiti kabla ya kuzikwa huulizwa nani anayemdai. Hebu nenda kwa mtu mliyenuniana miaka kumi, bisha hodi, kisha umwambie "sori". Atakuuliza umemkanyaga wapi.

Nakubali kuwa hata "samahani" yetu imeanza kuchakaa. Siku hizi hutumika kuulizia saa na kumwitia mwenye kuuza chai. "Niwie radhi" bado haijafika huko. Sijamsikia mtu akiulizia bei ya vitunguu kwa kutaka radhi.