Kinga nyepesi, njia ya mawe: mnunuzi apime njia kwanza

Mwezi wa tisa 2025, mjini Kigali, Tadej Pogačar alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kinga barabarani. Kijana wa Goma au Bukavu aliyeziona mbio hizo anaweza kutamani kinga nyepesi kama ile. Lakini afikiri kwanza juu ya njia zake.

Sheria ya mashindano inakataza kinga yenye kilo chini ya 6,8. Kinga za mabingwa hukaribia uzito huo, na zimejengwa kwa lami nzuri: usukani chini, tairi nyembamba. Kinga ya safari ndefu ina usukani wa juu kidogo na nafasi ya tairi pana, zinazopunguza mitikisiko mikononi na mgongoni. Ikizidi kwa kilo moja, hiyo ni lita moja tu ya maji. Mtu wa kilo 65 hataisikia sana mlimani. Mawe ya volkano atayasikia kila siku.

Bingwa hufuatwa na gari la mafundi. Kijana wa hapa, gurudumu likivunjika, anarudi kwa miguu, na pesa yake imepotea.

Waliobuni chukudu walitafuta kitu cha kustahimili njia, si cha kusifiwa. Mnunuzi wa kinga naye afanye vile.