HOSPITALI ILIKUWA NG'AMBO YA BARABARA

Twauliza swali moja tu: mtu mzima akizidiwa, na hospitali iko ng'ambo ya barabara, yahitaji ruhusa ya nani kumvusha?

Mwezi Septemba, 2017, tufani iliyoitwa Irma iliipiga Florida, Marekani. Katika mji wa Hollywood (si ule wa masinema) nyumba moja ya kutunzia wazee ilikosa umeme wa mitambo ya kupoza hewa. Joto likapanda siku ya kwanza, likapanda ya pili. Wakubwa wakapiga simu kwa kampuni ya umeme, wakapiga hata kwa Gavana. Wazee wakabaki vitandani wakichemka, na hospitali kubwa yenye umeme na madaktari iko hatua chache tu kutoka mlangoni! Walipohamishwa tarehe 13, wengine walikwisha kufa. Jumla walihesabiwa 12.

Mwaka 2018 Florida ilitunga sheria kuzilazimisha nyumba hizo ziwe na jenereta. Vyema. Lakini jenereta haimwiti daktari. Mashtaka ya kuua bila kukusudia yalifunguliwa mwaka 2019. Hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani.

Vijana wetu wengi walioko Marekani hupata riziki kwa kulea wazee katika nyumba za namna hii. Twawaambia wazi: mzee akianza kuhema vibaya, msingoje meneja, iteni gari la wagonjwa. Nazo serikali zinazotoa leseni, twadai zimlinde mlezi atakayeliita gari hilo, asifukuzwe kazi.