ALFAJIRI TULIYOIFUNIKA KWA TAA



Ndugu zangu katika imani, nani kati yenu ameiona alfajiri mwaka huu? Siulizi saa ya simu, nauliza macho. Madrasa tulisomeshwa alfajiri mbili. Ya uongo husimama wima kama mkia wa mbwa mwitu, kisha hufifia. Ya kweli hutanda upeo wote wa mashariki, na hapo daku imekwisha. Mwanafunzi wa mjini leo anaikariri ibara hiyo vizuri, lakini hana pa kwenda kuiona. Mwanga wa taa zetu unapanda, unagonga vumbi na unyevu hewani, unatanda usiku kucha. Mwaka 2016 wanasayansi walichora ramani ya dunia wakakuta zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga.

Na si nyota tu. Mwanga mkali mweupe usiku huuchelewesha mwili kutoa homoni ya usingizi. Watoto wa kasa wakianguliwa ufukweni huufuata mng'ao wa bahari. Wakikuta taa za hoteli nyuma yao hugeukia huko, wakafa barabarani. Nao ni viumbe vya Mola.

Sasa niseme linalouma. Misikiti yetu nayo imo. Mfadhili analeta taa kubwa nne, kamati inazifunga zikitazama juu kwenye mnara, zinawaka toka Magharibi hadi asubuhi, na mgonjwa wa nyumba ya pili halali. Haki ya jirani haifutwi kwa kuwa taa ni ya msikiti. Na bili inalipwa kwa sadaka za watu.

Mtaniuliza, Sheikh, na wezi? Taa ya mlangoni na ya njiani ibaki, ila itazame chini, iwe na kifuniko juu, iwe ya manjano hafifu. Taa kali inayokupiga usoni ndiyo inayomficha mwizi aliyesimama nyuma yake. Ya mnara izimwe baada ya Isha.

Mtume (S.A.W.) alituamrisha kuzima taa tunapolala. Sababu iliyotajwa ni kuogopa moto, nalijua hilo, msije mkaniandikia. Lakini hata taa isiyounguza nyumba inaweza kumdhuru jirani.

Kamati yenu inakutana lini? Lisemeni kabla taa za Ramadhani hazijanunuliwa.

Wallahu a'lam.