Uhamisho, Ruhusa na Dawa za Kifua Kikuu

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa chama chetu nipate kusema juu ya jambo ambalo watumishi wengi hulinong'ona lakini hawalitaji mkutanoni, nalo ni kunywa dawa za kifua kikuu kwa mtu aliye kazini. Husemwa kila siku kwamba mgonjwa akiacha dawa kabla ya muda wake, kosa ni lake. Mimi nasema kwamba mara nyingi kosa hilo lina wenyewe wawili: mgonjwa, na ofisi yake.

Tuanze na yaliyo hakika. Maradhi haya si laana wala si uchawi, bali huletwa na kijidudu ambacho daktari Robert Koch wa Ujerumani alikitangaza tarehe 24 Machi 1882. Kwa miaka 60 baada ya hapo watu walimjua adui bila kuwa na silaha ya kumwua. Wagonjwa walipelekwa penye hewa safi, wakalishwa, wakapumzishwa, na wengi wakafa. Hapa kwetu hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo. Dawa yenye nguvu, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Lakini ilipotolewa peke yake vijidudu vilijifunza kuishinda, na ndipo waganga walipotambua kwamba dawa hizi hupigana kwa jeshi, si kwa askari mmoja mmoja. Nayo ni fahari yetu kwamba majaribio makubwa ya kufupisha matibabu mpaka miezi 6 yalifanywa katika nchi za Afrika Mashariki mnamo miaka ya 1970.

Leo mtu mzima mwenye kifua kikuu cha kawaida hunywa dawa 4 kwa miezi 2, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kisha hubaki na mbili za kwanza kwa miezi 4. Katika hospitali na zahanati za serikali hapa Tanzania hazilipiwi. Basi ikiwa dawa ipo, tena bure, ni nini kinachomshinda mtumishi kuzimaliza?

La kwanza ni nafuu yenyewe. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, homa huondoka, mwili hunawiri, na mtu hujiona amepona. Kumbe vijidudu vingine vimelala tu ndani ya mapafu, navyo havifi upesi. Akiacha hapo, huamka; na vile vilivyokwisha kuzoea dawa huzaana, hata ugonjwa ukawa sugu. Ugonjwa sugu huhitaji dawa nyingine zilizo kali zaidi na uangalizi mkubwa zaidi, na aliye nao aweza kumwambukiza mkewe na watoto wake ugonjwa huo huo ulio sugu.

La pili ni ofisi. Mkubwa wa kazi asiyetoa ruhusa ya kwenda kliniki mpaka mtu aeleze maradhi yake mbele ya makarani wote, amemfundisha mtu huyo kuficha. Na barua ya uhamisho ikija katikati ya matibabu, ikimtaka mtu awe kituo kingine baada ya siku chache, hufunga mizigo, akasahau au akaona haya kuomba karatasi ya kumhamishia matibabu, akafika ugenini bila kidonge. Hapo mgonjwa amekosa, ni kweli. Lakini aliyetia saini barua ile bila kuuliza naye hana udhuru.

Kwa kuwa kunywa dawa peke yake hakutoshi, bali yapasa zinywewe kwa usalama, naomba kila msomaji ayashike haya. Idadi ya vidonge hupimwa kwa uzito wa mwili. Katika vidonge vyenye dawa 4 pamoja, mtu mzito kwa kawaida hupewa vingi kwa siku kuliko mtu mwepesi. Kwa hiyo kuazimana vidonge, au kugawana na ndugu anayekohoa, si wema bali ni hatari kwa wote wawili. Aliyesahau siku moja asimeze mara mbili siku ya pili, ila amwambie mganga. Mkojo kuwa mwekundu au rangi ya machungwa ni kazi ya rifampisini, si damu, wala si sababu ya kuacha. Ganzi au kuwaka moto kwa nyayo huweza kuletwa na isoniazidi, na hutibiwa kwa vitamini B6. Lakini macho yakigeuka manjano, au mtu akitapika bila kukoma na chakula kumkataa, yawezekana ini linaumia. Na macho yakififia au yakishindwa kupambanua rangi nyekundu na kijani, huenda ni ethambutoli. Katika mambo haya asimeze kipimo kingine kabla ya kuonwa. Aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Pombe aiache kabisa muda wote wa matibabu, maana huliongezea ini mzigo. Tena amtajie mganga kila dawa nyingine anayotumia, pamoja na za miti shamba, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango, za baadhi ya dawa za kisukari na za virusi vya Ukimwi.

Najua wako watakaosema: mgonjwa wa kifua kikuu asikae ofisini, atatuambukiza. Hofu hiyo haikosi msingi, lakini imeelekezwa pasipo. Aliyeanza dawa zinazoufaa ugonjwa wake na kuzinywa barabara, kwa kawaida nguvu yake ya kuambukiza hupungua sana katika wiki za mwanzo, na mganga ndiye atakayesema siku ya kurudi kazini. Wa kuogopwa ni yule anayekohoa kimya kimya nyuma ya meza kwa kuchelea kufukuzwa. Tukimtisha mgonjwa, hatuondoi ugonjwa ofisini, bali tunaufungia ndani pamoja nasi, madirisha yakiwa yamefungwa.

Basi naona chama chetu hakina budi kudai mambo matatu. Kwanza, ruhusa ya kliniki itolewe kwa cheti cha mganga, bila jina la ugonjwa kusomwa hadharani. Pili, mtumishi aliye katika matibabu asihamishwe mpaka amalize. Na ikiwa lazima ahamishwe, asiondoke bila karatasi ya matibabu, na dawa za kumfikisha, na kituo cha kumpokea kimekwisha kupata habari. Tatu, kila tawi la chama liwe na mtu mmoja mwenye kutunza siri, ambaye mgonjwa akipenda atamfanya msimamizi wa kumkumbusha dawa kila siku.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi, yahitaji moyo. Serikali hununua dawa, waganga huzitoa, na mgonjwa hukubali kumeza kila siku kwa nusu mwaka. Itakuwa aibu kwetu sisi tulio makazini ikiwa kazi hiyo yote itapotea kwa ajili ya ruhusa ya asubuhi moja. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nasi tuzifanye ofisi zetu ziwe mahali ambapo mgonjwa haoni sababu ya kuficha.