Kitanda Usichokilalia

Wapo walimu wa kwaya wanaodai kuwa uzima wa sauti hupimwa na sikio la msikilizaji. Nalipinga dai hilo, nami niliwahi kulishika. Nilipokuwa mkuu wa shule, msichana mmoja wa sauti ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, siku hizi kuimba kunanichosha." Masikioni mwangu aliimba vizuri mno, nikamwambia aache uvivu. Kabla ya muhula kwisha sauti ilimkauka, asiweze hata kuitikia jina lake.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitoa maswali 36 ambayo mwimbaji hujijibia mwenyewe: Je, kuimba kunamtaka nguvu nyingi? Ana hakika na sauti itakayotoka? Anaona haya? Majibu hayo hayachukui nafasi ya daktari, bali humweleza yale ambayo kioo chake hakiyaoni.

Sauti iliyokwaruza kwa wiki 4 ni ya kupelekwa hospitali, si ya kutiliwa tangawizi na kuambiwa "Kaza!" Tuwaulize waimbaji wetu, tena tuwaamini. Sikio la mwalimu hupata habari mwisho.