Msimpe paka panado

Mwezi huu tuongee juu ya mbwa na paka waliozeeka nasi hapa kambini. Paka aliyelinda mahindi ya posho miaka 10 tunamwona amekonda, tunasema eti ni uzee tu. Hapana. Uzee peke yake si ugonjwa. Paka mzee akikonda huku anakunywa maji mengi, mara nyingi ni figo, au kisukari. Akisogelea chakula halafu akakiacha, huenda meno yameoza. Mbwa naye akishapita miaka 7 mpapaseni mwili mzima kila mwezi mtafute uvimbe, na mmpeleke kwa bwana mifugo japo mara moja kwa mwaka.

Ila tunawaomba sana: msimpe paka panado. Tunajua ndiyo dawa iliyo katika kila nyumba, na nia ni njema, lakini kidonge kimoja tu kinaweza kumwua. Kinaharibu damu yake, anakosa pumzi.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa haina kustaafu, mbwa kwa paka. Mnyama akibadilika ghafla, akang'ata ovyo, akadondosha udenda, akashindwa kumeza, hapo msimshike kabisa wala msimchungulie mdomoni. Mwiteni bwana mifugo. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.